AA Si Maksi za Mtihani: Historia Iliyojificha Kwenye Pakiti ya Kahawa

Chukua pakiti yoyote ya kahawa dukani, igeuze, usome. Arabika asilimia 100. AA. Kilimanjaro. Pembeni yake kuna kopo la kahawa ya papo hapo, ile ya kukoroga tu na maji moto. Bei zinapishana mara mbili, mara tatu, na wewe una hela ya kupangilia mpaka mwisho wa mwezi. Basi wengi wetu tunapiga hesabu nyepesi: ya ghali ndiyo nzuri, na ukiwa huna hela unabeba ya rahisi huku ukijionea huruma.

Hesabu hiyo ina kasoro, na historia inaonyesha kasoro iko wapi. Karibu kila neno kwenye pakiti liliwekwa na mtu fulani, wakati fulani, kwa shida zake mwenyewe. Mmoja alikuwa anakimbia ukame, mwingine ana miche ya kuuza, mwingine ana maghala yamejaa buni na wanywaji hawapo. Katika wote hao, ni wachache sana waliokuwa wanafikiria ulimi wako. Ukijua kila neno lilikuja kufanya kazi gani, utajua lipi la kulilipia na lipi la kuliruka.

Tuanze na neno kubwa kuliko yote, arabika. Jina hilo lilipewa mmea na Linnaeus mwaka 1753, kwa sababu Wazungu walikuwa wanaipata kahawa kutoka Uarabuni, hasa kupitia bandari ya Mocha huko Yemen. Sisi wenyewe tumechukua maneno huko huko: kahawa ni qahwa, buni ni bunn. Lakini mti wenyewe kwao ni Ethiopia, kwenye misitu ya nyanda za juu za kusini-magharibi. Na hapa wanajenetiki wametuletea habari ambayo bado haijafika kwenye matangazo ya biashara. Arabika ni chotara. Mamia ya maelfu ya miaka iliyopita, aina mbili za mibuni zilichanganya vinasaba: moja ni eugenioides, ambayo bado inaota porini kwenye nyanda za juu za Afrika Mashariki, na nyingine ni canephora. Ndiyo maana arabika ina kromosomu 44 wakati wazazi wake wana 22 kila mmoja. Na canephora ndiyo ile tunayoiita robusta. Yaani robusta, tunayoizoea kama ndugu maskini wa arabika, kumbe ni mzazi wake!

Watu wa magharibi ya Ziwa Victoria walikuwa wanaitumia robusta muda mrefu kabla mzungu yeyote hajafika na mbegu. Wahaya walichemsha buni pamoja na majani yenye harufu, wakazikausha, wakazitafuna. Hawakuzinywa. Mgeni akifika nyumbani, unampa buni za kutafuna kabla ya maneno mengine. Kwa Wahaya na kwa Waganda, watu wawili wakichanjiana udugu wa damu, tunda la kahawa lilikuwa sehemu ya kiapo, kwa sababu ndani yake mna buni mbili zilizolala pamoja kwenye ganda moja. Upandaji nao haukuwa huria, maana watawala walikuwa na mkono wao hapo. Hii haikuwa kahawa ya watu waliokosa arabika.

Sasa hilo jina "robusta" limetoka wapi? Karibu na mwaka 1900, kampuni moja ya kuuza mimea mjini Brussels ilipata miche kutoka Kongo na kuitangaza kwa jina hilo, lenye maana ya nguvu na ukakamavu. Wateja walikuwepo tayari. Ugonjwa wa kutu ya majani ulikuwa umeshaangusha mashamba ya arabika ya Ceylon (Sri Lanka ya leo) tangu mwaka 1869, mpaka wakulima wa kule wakahamia kwenye chai, na kule Java wenye mashamba walikuwa wanatafuta mti usiougua. Kwa hiyo "robusta" ni neno la tangazo. Linasifu mti, halisemi lolote kuhusu kikombe. Mwaka 1912 soko la kahawa la New York likaizuia kabisa kuuzwa pale, likiiona haina thamani. Hukumu hiyo ilitoka kwenye soko lililozoea arabika, na mpaka leo ndiyo tunayoirithi tukiwa mbele ya rafu.

Tuitazame kwa macho ya maabara badala ya macho ya New York. Buni za arabika zina kafeini ya karibu asilimia 1.2 ya uzito wake; za robusta zina zaidi ya asilimia 2, karibu mara mbili. Kafeini ni silaha ya mti dhidi ya wadudu, na ina uchungu. Arabika ina sukari zaidi na mafuta zaidi, na hivyo viwili vikikaangwa ndivyo vinavyoleta harufu nyingi na utamu wa mbali. Robusta inatoa kinywaji kizito, kichungu, chenye povu nene. Waitalia wengi wanaichanganya makusudi kwenye espreso yao kwa ajili ya povu hilo.

Basi swali la kwanza la kujiuliza si "ipi bora". Jiulize unainywaje. Kama unaweka maziwa na vijiko viwili vya sukari, arabika ya bei ya juu unaizika hai: zile harufu nyepesi ulizozilipia zinafunikwa na mafuta ya maziwa. Robusta safi ya Kagera au ya Uganda itapenya kwenye maziwa, na hela itabaki mfukoni. Kama unainywa tupu, hapo arabika inaanza kujilipa. Na kama shida yako ni kukesha na tasnifu (tunakuelewa, hapa wengi ndiko tuliko), robusta inakupa kafeini nyingi zaidi kwa kila shilingi.

Nimesema robusta safi, na neno "safi" lina uzito. Robusta nyingi ina sifa mbaya kwa sababu ya jinsi inavyovunwa na kukaushwa, si kwa sababu ya mti. Kagera kuna kitu kinaitwa butura: mkulima mwenye shida ya fedha anauza kahawa ikiwa bado shambani, haijaiva, kwa bei ya kutupa. Sasa aliyekwisha kuuza mavuno yake ana sababu gani ya kusubiri tunda moja moja liwe jekundu? Likichumwa bichi pamoja na lililoiva, kikombe kinakuwa kikali cha kukwaruza koo, na mnywaji anasema "si unaona, robusta". Serikali imepiga butura marufuku, lakini shida ya fedha haipigwi marufuku kwa tangazo.

Twende kwenye AA.

Hili ndilo neno linalowala watu wengi hela. Tulivyolelewa na shule, A ni nzuri, kwa hiyo AA lazima iwe nzuri sana. Lakini AA ni kipimo cha chekecheo. Buni zikishakobolewa zinapitishwa kwenye sahani zenye matundu. Zinazobaki juu ya matundu ya takriban milimita 7 ni AA, zinazofuata kwa udogo ni AB kwa Kenya (Tanzania wanatenga A na B), halafu C, na kushuka chini. PB ni zile za mviringo: tunda ambalo mbegu moja haikukua, ile iliyobaki ikajaza nafasi yote. Kwa kawaida ni kama moja kati ya ishirini.

Kwa nini kuzipanga kwa ukubwa? Kwa sababu ya mkaangaji. Ukikaanga buni kubwa na ndogo pamoja, ndogo zinaungua kabla kubwa hazijaiva ndani. Mnunuzi wa ng'ambo alitaka gunia ambalo buni zote zinaiva kwa wakati mmoja, na chekecheo lilikuwa njia ya haraka ya kumridhisha bila kuonja chochote. Ni sababu ya maana kabisa, ila ni sababu yake. Buni ya AA na ya AB zinaweza kutoka mti mmoja, tawi moja, siku moja. Ubora wa ladha unapimwa kando, kwa kuonja, na matokeo hayo kwa kawaida hayaandikwi kwenye pakiti unayoiona. Hivyo ukikuta AA isiyo na tarehe ya kukaangwa, na pembeni AB iliyokaangwa wiki mbili zilizopita, mimi nachukua AB bila kufikiri mara mbili. Kahawa iliyokaangwa inapoteza harufu kadiri siku zinavyokwenda, na ikishasagwa inapoteza kwa kasi zaidi. Hakuna chekecheo linalorudisha harufu iliyokwisha kwenda.

Na ladha yenyewe ya ile AA maarufu ya Kenya, ile yenye uchachu wa matunda mpaka mate yanakutoka, ilitoka wapi? Hapa historia ina utani kidogo. Mwaka 1931, ofisa wa kahawa wa maabara ya Scott iliyokuwa Kabete, A. D. Trench, alitembelea Tanganyika. Kule Monduli aliona mibuni iliyokuwa imesimama imara wakati wa ukame, akachukua mbegu. Mwaka 1935, kutoka kwenye mibuni ya ukoo huo, maabara ikachagua mti mmoja na kuupa namba: SL28. Herufi SL ni za jina la maabara. Kwa hiyo mti ulioijengea kahawa ya Kenya jina duniani una asili ya Monduli, na sifa iliyowavutia ilikuwa kuvumilia kiangazi. Utamu ulikuja kama nyongeza ambayo hakuna aliyeiagiza.

Wakati huo Mwafrika nchini Kenya alikuwa anazuiwa kulima kahawa. Walowezi walidai eti mashamba yake yangeeneza magonjwa, na kwamba watu wangeiba buni. Majaribio machache yaliruhusiwa Kisii, Meru na Embu kuanzia miaka ya 1930, na mlango ukafunguka kweli baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Wakulima wadogo walipoingia walipewa SL28, na pamoja nayo udhaifu wake: haivumilii kutu ya majani, wala chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda yakiwa bado mtini, ambao Kenya iliujua tangu mwaka 1922. Ili upate kikombe kile, mkulima lazima apulizie dawa tena na tena. Mwaka 1985 ikatolewa Ruiru 11 inayostahimili magonjwa hayo. Wanunuzi wengi wakaguna kuhusu ladha. Mwaka 2010 ikaja Batian. Ukiona pakiti imeandikwa SL28 na bei imepanda, sehemu ya hiyo bei ni dawa na vibarua wa kupulizia. Hiyo walau ni gharama ninayoielewa, tofauti na gharama ya herufi mbili za chekecheo.

Jina la mlima nalo lina kesi yake. Arabika ilipandishwa Kilimanjaro na wamisionari Wakatoliki wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Wachaga wakaichangamkia, walowezi wakakasirika kama wenzao wa Kenya, lakini huku mambo yakaenda tofauti: mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, KNPA, Joseph Merinyo akiwa miongoni mwa viongozi wake, na mwaka 1933 kikafuatiwa na KNCU. Jina la Kilimanjaro kwenye soko la dunia lilijengwa na watu wa migombani kupitia vyama hivyo.

Sasa nenda Japani, mojawapo ya wanunuzi wakubwa wa kahawa ya Tanzania. Kule, kwa kanuni za biashara yao, "Kilimanjaro" maana yake ni arabika ya Tanzania, isipokuwa ya eneo la Bukoba. Mbinga ni Kilimanjaro. Mbozi ni Kilimanjaro. Na mchanganyiko unaruhusiwa kubeba jina hilo ukiwa na angalau asilimia 30 ya kahawa hiyo. Asilimia 70 iliyobaki inaweza kutoka popote. Wala si wizi, kanuni ziko wazi kwa anayezisoma. Ila zinakufundisha namna ya kusoma pakiti hata hapa nyumbani: jina kubwa la mbele ni la kukuita, maandishi madogo ya nyuma ndiyo ya kukuambia. Tafuta wilaya, kijiji au chama cha msingi. Kadiri eneo linavyotajwa kwa udogo, ndivyo muuzaji anavyojifunga zaidi kwenye alichokuuzia.

Tuje kwenye lile kopo.

Kahawa ya papo hapo kama tunavyoijua ilitokana na ziada. Bei ilipoporomoka mwaka 1929, Brazil ilibaki na buni isiyouzika. Kati ya mwaka 1931 na 1944 iliteketeza karibu magunia milioni 78, kila moja la kilo 60, huku ikiiomba Nestlé itafute njia ya kuhifadhi kahawa kwa muda mrefu. Mwanakemia Max Morgenthaler aliifanyia kazi kwa miaka, na Nescafé ikaingia sokoni Uswisi mwaka 1938. Kwa Tanzania, kiwanda cha namna hiyo kilijengwa Bukoba katika miaka ya 1960, na kikatupa Africafe. Mahali hapo palichaguliwa kwa akili, maana robusta inafaa kiwandani: ina kafeini nyingi, ni ya bei nafuu, na harufu nyepesi hazitapona safari hiyo kwa vyovyote.

Ni kwa nini kopo ni nafuu? Jibu lina hesabu nzuri. Kwa vipimo vya Shirika la Kimataifa la Kahawa, kilo 1 ya kahawa ya papo hapo inahitaji kilo 2.6 za buni mbichi. Kilo 1 ya iliyokaangwa inahitaji kilo 1.19. Ukisikia hivyo utadhani kopo ndilo ghali. Lakini kikombe kimoja kinataka gramu 2 tu za papo hapo, wakati kahawa ya kuchuja inataka kama gramu 10. Piga hesabu: gramu 2 ni buni gramu 5.2, gramu 10 ni buni karibu 12. Kiwanda kinatumia nusu ya buni kwa sababu kinazikamua kwa maji yenye moto mkali na mgandamizo, kikitoa vitu ambavyo chujio lako nyumbani linaviacha kwenye masimbi. Vingi kati ya vitu hivyo havina ladha ya kusimulia. Ndiyo bei, ndiyo na ladha.

Kwa mfuko wako kanuni ni hii: pakiti ya gramu 250 ya kahawa ya kuchuja na kopo la gramu 50 la papo hapo vinatoa vikombe karibu sawa, kama 25. Linganisha bei za hivyo viwili, acha kulinganisha kwa kilo. Mara nyingine utakuta tofauti ni ndogo kuliko ulivyodhani, hasa ukilinganisha na vile vipakiti vidogo vya kikombe kimoja, ambavyo ukivijumlisha mwezi mzima vinaweza kukushtua.

Bei yenyewe nayo haifuati ubora peke yake. Arabika bei yake ya dunia inaamuliwa New York, robusta London. Julai 1975 baridi kali ilichoma mibuni ya jimbo la Paraná, Brazil, na kufikia mwaka 1977 ratili moja ilipita dola 3. Kahawa ya Uganda ikawa inavushwa usiku kuingia Kenya kwa magendo, na soko la Chepkube mpakani likawa jina la utajiri wa ghafla; wazee wa Bungoma bado wanalisimulia. Mwaka 1989 mgao wa mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ukavunjika, bei ikaanguka karibu nusu. Buni ilikuwa ile ile, na mkulima aliyekuwa anaichuma alikuwa yule yule. Hivi karibuni, mwaka 2024, ukame wa Vietnam uliipandisha robusta hadi rekodi, kwa hiyo usishangae kopo lako la rahisi lilipopanda.

Imebaki kahawa ambayo haina pakiti: ile ya muuza kahawa mwenye dele, jiko la mkaa chini yake, na vikombe anavyovigonganisha ili ujue amefika. Kwa kikombe kimoja nadhani haina mpinzani kwa bei. Imekaangwa mpaka nyeusi, na ukaangaji huo unavunja asidi zinazoleta uchachu na kuzaa vitu vipya vyenye uchungu mkali. Kafeini yenyewe haipungui kwa kiasi cha kukusumbua, wala haiongezeki, ingawa wengi wanaamini nyeusi zaidi ndiyo kali zaidi. Halafu inachemka muda mrefu, harufu nyepesi zinaondoka na mvuke. Kwa hiyo kuitengeneza kwa AA ni kupoteza hela bure. Tangawizi ndiyo inayoifanya kazi ya harufu, na kashata au tende inafanya kazi ya sukari. Sehemu nyingine za Ghuba wanaikaanga kidogo tu, inabaki ya manjano-manjano na iliki tele, na jina ni lile lile, kahawa. Jambo moja la afya: kahawa iliyochemshwa bila kuchujwa kwa karatasi inabaki na mafuta yenye kafestoli, ambayo hupandisha lehemu mwilini. Vikombe viwili vidogo barazani si tatizo, ila kama daktari ameshakuonya kuhusu lehemu, nyumbani tumia chujio la karatasi.

Na kama una hela kidogo ya kujaribu, jaribu mbuni. Sisemi ndege. Kwenye biashara ya kahawa ya Kenya, mbuni ni kahawa iliyokaushwa na ganda lake bila kuoshwa. Kwa miongo mingi ilikuwa mabaki: matunda ya mwisho wa msimu, yaliyokauka mtini au kuokotwa chini, yakipewa madaraja yake ya chini, mbuni nzito na mbuni nyepesi, na bei ya kumvunja mtu moyo. Miaka hii wakaangaji wa ng'ambo wamegundua kwamba matunda mekundu, yaliyochaguliwa vizuri na kuanikwa juu ya vichanja na ganda lake, yanatoa kahawa yenye utamu kama wa tunda lililoiva kupita kiasi, na wanaiuza ghali kuliko ile iliyooshwa. Utaratibu kimsingi ni ule ule wa mbuni. Kilichobadilika ni kwamba mtu amechagua matunda mazuri kabla ya kuanika. Kwa hiyo ukiikuta inauzwa kwa mkulima au kwenye chama cha msingi, uliza mambo mawili tu: matunda yalichumwa yakiwa mekundu au ni ya kuokota, na yalianikwa kwenye kichanja au chini kwenye udongo. Majibu yakiwa mazuri, nunua robo kilo, kaanga mwenyewe kwenye chungu, na usiifikishe kwenye weusi.